Wenzetu wa Shanga Waliotutangulia



Mwanzoni mwa mwaka huu tulimzika mwenzetu mwingine. Alikuwa mvuvi, baba wa watoto saba, mtu wa safu ya kwanza msikitini, na hayo yote yalisemwa siku ya khitma yake, yakasemwa kwa haki. Jambo moja halikutajwa, kwamba katika ujana wake, kwa misimu kadhaa, alikuwa miongoni mwa watu walioufukua mji wa Shanga. Halikuachwa kwa makusudi. Waliosimama kumsifu ni vijana, na wale ambao wangeweza kuwakumbusha wengi wao wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Katika wale tuliofanya kazi pamoja na tunaojuana hadi leo, tumesalia wanne: wanawake watatu na mwanamume mmoja. Waraka huu tumeuandika kwa pamoja, mmoja akishika kalamu na watatu wakimsahihisha, ndiyo maana msomaji atakutana na neno "sisi" kila mahali. Majina ya marehemu wetu hatuyatii gazetini. Jamaa zao wapo, na si wote waliokwisha ulizwa. Tutawataja kwa kazi zao na kwa lakabu tulizowapa sisi wenyewe tulipokuwa kazini.

Kwa vijana ambao hawajafika huko, Shanga ni magofu yaliyo upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Pate, mwendo wa miguu kutoka Siyu. Mji ule ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, na Siyu wako watu wa ukoo wa Washanga hadi leo. Mwaka 1980 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Uingereza, Mark Horton, alianza kuufukua, na kazi ikaendelea kwa misimu hadi 1988. Kitabu chake kilitoka mwaka 1996. Kisa cha mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na jahazi karibu na pale kimeandikwa na watu wengi. Sisi hatukirudii, maana kila mgeni anayefika Siyu huuliza hicho tu na kuusahau msikiti.

Msikiti ndio uliotupa sote heshima ya kazi ile. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe, ambao kuta zake zilikuwa bado zikionekana, ulikutwa msikiti mwingine, na chini ya ule mwingine tena, mmoja juu ya mwenzake, hadi ikafikiwa alama ya majengo madogo ya miti na udongo. La mwanzo kabisa ni la karne ya 8. Yaani watu wa pwani hii walikuwa wakisujudu pale wakati ambapo Baghdad yenyewe ilikuwa mji mpya. Kibla cha wale wa mwanzo kilikuwa kimekwenda upande, kikawa kinasahihishwa kadiri walivyojenga upya. Jambo hilo sisi lilitugusa kuliko sarafu na kuliko simba mdogo wa shaba aliyepatikana katika mji huohuo. Watu wale walikuwa na nia kabla ya kuwa na vipimo.

Yote hayo yanasomeka vitabuni. Kisichosomeka ni nani aliyeuondoa udongo.

Tuanze na Bwana Fundi. Alikuwa mwashi, aliyejenga kwa matumbawe na chokaa tangu utotoni, na kabla ya hapo alikuwa amesimika nyumba nyingi za miti na udongo. Alipoajiriwa alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Wengine walifika kazini wakidhani kuwa kufukua ni kulima, wakapiga jembe. Yeye alikaa chini, akatoa mwiko wake wa uashi, akaanza kuukwangua udongo kidogo kidogo kama mtu anayetoa ukoko chini ya sufuria. Alipofika mahali akatia shaka, aligeuza mwiko na kugonga kwa mpini, kisha akainamisha sikio.

Inafaa tueleze kwa nini mtu wa namna ile alikuwa na thamani. Nguzo ya mti ikisimikwa ardhini kisha ikaoza, mti wenyewe hausalii. Husalia duara la udongo wa rangi nyingine, mweusi kidogo kuliko unaouzunguka, laini kidogo kuliko wenzake. Duara hilo huonekana vizuri ardhi ikiwa bado na unyevu wa asubuhi. Jua likipanda na udongo ukikauka, rangi zote hulingana na hakuna aonaye kitu. Ukipita hapo kwa jembe umeufuta msikiti mzima, wala hutajua kuwa umeufuta. Ndiyo maana kazi ilianza alfajiri, mara baada ya sala, na ndiyo maana Bwana Fundi alikuwa akiwakemea vijana waliovuka sehemu iliyokwanguliwa hata kama wamevua viatu.

Siku moja kijana mmoja mgeni, mwanafunzi, alimkuta amechora duara tatu mchangani kwa kidole, mahali ambapo macho yetu hayakuona chochote.

"Umejuaje, Mzee?" akamwuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza.

"Nimesimika nguzo miaka thelathini, mwanangu. Leo nishindwe kuzijua za wenzangu?"

Akaendelea kukwangua. Duara zote tatu zilikuwapo, na ya nne ilikuwa pale ambapo fundi yeyote angeitia ili paa lisilale upande mmoja. Hatudai kuwa yeye ndiye aliyeuvumbua msikiti. Uvumbuzi ni kazi ya wengi, na kusoma maana ya alama zile kulihitaji elimu ambayo yeye hakuwa nayo, na alikuwa akisema hivyo mwenyewe bila haya. Lakini ujuzi wa kuziona ulikuwa wa mikono yake, na mikono hiyo iliupata kwa kujenga nyumba za majirani. Alifariki nyumbani kwake usingizini, miaka mingi baada ya kazi kwisha. Mwiko wake upo kwa mjukuu, ambaye hupigia plasta ya saruji. Tumeuona. Umelika upande mmoja kwa ule mkwanguo wa Shanga.

Wa pili ni Maalim. Asubuhi alikuwa pamoja nasi shimoni, jioni akifundisha watoto chuoni. Ukoo wake ulikuwa wa mafundi wa ngozi, wale waliokuwa wakishona makubadhi ya Siyu, na yeye aliyavaa kazini kwa makusudi ili watu wayaone.

Kwake ndiko lilikoangukia jambo zito kuliko yote, nalo ni jambo la makaburi. Shanga ina makaburi mengi, na panapofukuliwa karibu na msikiti huenda mfupa ukatokea. Dini yetu imeuheshimu mfupa wa maiti kama ulivyo wa mtu aliye hai, na hilo kila mmoja wetu alilijua. Ulipotokea mfupa wa binadamu, Maalim alinyanyua mkono na wote tukasimama. Hakuna aliyeendelea hata kwa kijiko. Alikuwa akivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena, kisha akasoma Fatiha kwa sauti ya chini. Halafu yalifuata mazungumzo baina yake na wakubwa wa kazi, na kijana mgeni akisimama kando bila kujua aangalie wapi.

Mjini walikuwapo waliosema kwamba kazi ile ni ya kuwasumbua waliolala, na kwamba mshahara wake una shaka ndani yake. Hayo hayakuwa maneno ya wajinga. Walikuwamo watu wa elimu. Nduguye Maalim mwenyewe, toka nitoke, hakula chakula cha nyumba ile msimu mzima. Maalim alimjibu mara moja tu, tukiwapo, barazani. Alisema kwamba kwa muda mrefu watoto wa pwani wamekuwa wakiambiwa kuwa miji hii ni ya wageni waliokuja na kwenda, na kwamba wazee wao walikuwa watazamaji tu. Ikiwa mahali pa sijda zao pako chini ya mchanga, naye anaweza kupaonyesha, basi ataulizwa siku ya hesabu kwa kupaonyesha na ataulizwa kwa kupaficha, na yeye amechagua swali la kwanza. Nduguye hakumjibu. Walipatana baadaye kwa jambo jingine kabisa, harusi.

Sisi wanne hatujaafikiana katika hilo hadi leo. Mmoja wetu husema kwamba afadhali msikiti ungefukuliwa na upande wa makaburi usiguswe hata kwa kamba ya kupimia. Wengine husema kwamba bila mtu kama Maalim shimoni mambo yangekuwa mabaya zaidi, na kwamba mmomonyoko wa pwani na watafutaji wa mawe ya kujengea wasingesoma Fatiha. Tunaandika tofauti yetu kama ilivyo. Maalim alirudi kwa Mola wake akiwa na umri mkubwa, na waliomswalia walikuwa wengi mno hata wakajaa nje, wakiwamo waliompinga.

Nahodha aliyetuletea maji na mchele kwa mashua tunamkumbuka kwa ukali wake na kwa tende alizoficha chini ya tanga kwa ajili yetu sisi wasichana. Mpishi tunamkumbuka kwa mikate ya mofa, na kwa kukataa kwake katakata kupika samaki asiyemjua jina. Wote wawili wametangulia. Allah awarehemu.

Sasa tuje kwa wanawake, maana wasomaji wa gazeti hili wengi ni wao, na huenda wengi hawajui kuwa tulikuwapo.

Kazi yetu haikuwa shimoni. Vigae vilivyotoka shimoni, yaani vipande vya vyungu na sahani zilizovunjika, vilifika kwetu vikiwa ndani ya mifuko, kila mfuko na kibandiko chake. Tuliviosha kwa maji na brashi laini, tukaviweka kivulini vikauke, tukavitenga: vyungu vya kienyeji huku, vyombo vya Ghuba ya Uajemi kule, vya Uchina mahali pake. Baada ya wiki chache tulikuwa tukivitambua kwa kuvigusa. Mwanamke aliyekulia jikoni hahitaji kuambiwa ni kipande gani cha mdomo wa chungu na kipi ni cha tako, wala ni upande upi uliokuwa motoni. Wingi wa vile vilikuwa vya kienyeji, vilivyofinyangwa huku huku, na sisi tunaamini vilifinyangwa na wanawake, kwa kuwa hadi zama zetu ufinyanzi pwani umekuwa kazi ya wanawake. Vyombo vya kigeni vilipigwa picha zaidi. Sisi tuliviosha vyote kwa maji yale yale.

Kila kigae kilipokauka kiliandikwa alama ya mahali kilipotoka, shimo lake na tabaka lake, kwa wino mweusi na kalamu nyembamba. Kiliandikwa upande wa ndani ili nakshi ya nje isiharibike. Kigae kisichoandikwa ni kipande cha takataka, maana hakuna ajuaye kilikuwa chini ya nini na juu ya nini. Kazi hiyo alipewa mdogo wetu kuliko wote, msichana aliyemaliza darasa la 7 na mwenye mwandiko mzuri ajabu. Tulimwita Kalamu. Alikaa juu ya mkeka, buibui amelikunja magotini, kidau cha wino kimezibwa kwa kipande cha kanga kisimwagike, akaandika tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuinua uso. Tarakimu zake zilikuwa kama mbegu za ufuta. Saba yake aliipitisha kistari katikati na kuitia mkia mdogo chini, tukawa tunamcheka kwamba saba yake imevaa kilemba na kanzu.

Akaolewa kazi ikiendelea. Akachukua mimba. Uchungu ulimshika usiku, ukawa mgumu, na mkunga akasema apelekwe Lamu. Wajuao Siyu wanajua kuwa bandari yake ni mkono wa bahari ndani ya mikoko, na chombo hakitoki ila maji yakijaa. Usiku ule maji yalikuwa yamekupwa. Alilazwa ndani ya mashua juu ya tope, mama yake ameshika kichwa chake, nahodha amesimama kiunoni katika maji akiyangoja yapande. Mtoto alizaliwa humo. Maji yalipofika, Kalamu alikuwa amekwisha fariki. Innaa lillahi wainnaa ilayhi raajiuun. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amemhesabu mwanamke afaye kwa uzazi miongoni mwa mashahidi, na sisi tumemwombea daraja hiyo tangu siku ile.

Mtoto ni msichana. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, akasoma, akaolewa, naye ana watoto. Mama yake hakupata kupigwa picha. Hilo msomaji wa leo, mwenye picha elfu katika simu yake, atalisoma mara mbili. Hakuna picha hata moja. Hata katika zile zilizopigwa kazini, sisi wanawake tulijitenga kando kamera ilipotokea, kwa kupenda kwetu.

Miaka miwili iliyopita binti huyo alitujia na swali lililokuwa likimkaa moyoni: katika dunia nzima kuna kitu gani kilichobaki ambacho mama yake alikigusa? Nguo zilitolewa sadaka siku nyingi. Nyumba ya bibi yake imeanguka. Tulifikiri sana kabla ya kumjibu, kwa kuwa hatukutaka kumtia tumaini kisha tumvunje moyo. Kisha tukaomba ruhusa, tukaenda naye kwenye ghala ambamo vigae vya Shanga vimehifadhiwa.

Aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alituletea sanduku moja, akatandika karatasi mezani, akavimimina taratibu. Tulivigeuza upande wa ndani. Vya mwanzo havikuwa vyake. Waliokuja baada yake nao waliandika. Katika sanduku la tatu mmoja wetu akashika kigae cha chungu cha kienyeji, kisichozidi upana wa vidole viwili, akanyamaza, akamkabidhi binti. Ilikuwapo pale saba, na kistari chake na mkia wake.

Hakulia. Alikishika akakitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama wino ule unaweza kufutika. Tukamwambia kwamba juu ya maandishi hupakwa vanishi nyembamba ili yasifutike, na kwamba mama yake alikuwa hodari wa kuipaka. Akavitenga vyote vyenye saba ile, akavihesabu, akaandika hesabu yake nyuma ya bahasha. Kijana wa ghala alimsubiri bila kumharakisha. Halafu akavirudisha kimoja kimoja kwa mpangilio ule ule alioukuta.

Turudi kwa yule tuliyemzika mwaka huu. Kazi yake ilikuwa chekeche. Udongo wote uliotolewa shimoni ulipita katika mikono yake, akiutikisa hadi vibaki vitu vikubwa kuliko tundu. Sarafu za fedha zilizopatikana Shanga ni ndogo mno, nyembamba, zenye majina ya watawala wa kienyeji kwa maandishi ya Kiarabu. Mtu asiyejua angezidhania magamba ya samaki. Yeye alikuwa mvuvi, na magamba aliyajua. Alikuwa akisema kwamba gamba hurudi mkononi ukilipinda, na kitu kisichorudi kipelekwe kwa wakubwa. Watoto wake hawakuwa wakiyajua hayo. Tuliwaeleza siku ya tatu, baada ya khitma, na mwanawe mkubwa akauliza kwa nini baba hakuwaambia. Mjane wake, aliyekuwa amekaa ndani akisikiliza nyuma ya pazia, akajibu badala yetu: aliwaambia, lakini walidhani ni ngano za kulalia.

Wakubwa wa elimu hii waliofanya kazi pwani wana makumbusho yao. James Kirkman, aliyefukua Gedi tangu 1948 na akawa wa kwanza kuisimamia Ngome ya Mombasa kama jumba la makumbusho, alifariki 1989. Neville Chittick, aliyefukua Manda, alifariki 1984, mwaka uleule kitabu chake cha Manda kilipotoka. Vitabu vyao vina majina yao na vitaendelea kusomwa, nasi hatuwaonei choyo. Walifanya kazi kubwa. Lakini fungua kitabu chochote cha namna hiyo utazame picha. Utamwona mtu amesimama shimoni, karibu na fimbo yenye mistari myekundu na myeupe, amewekwa hapo ili msomaji apate kujua ukuta una kimo gani. Chini ya picha hutajwa ukuta.

Kwa hiyo tumeanza kuandika orodha. Tunaiandika katika daftari la kawaida: jina la mtu, jina la baba yake, mtaa, kazi aliyoifanya, na mwaka aliofariki ikiwa unajulikana. Inshallah majina yote yatasomwa pamoja katika khitma moja, wanaume msikitini na wanawake nyumbani kwa mmoja wetu, kabla ya Ramadhani. Daftari litanakiliwa na kupewa familia zote, na nakala moja tutaipeleka palipo vigae.

Familia zenye picha ya mtu wao akiwa kazini tunaziomba zitupe nafasi ya kuinakili. Ya asili itabaki nyumbani. Wenye mwiko, kofia, barua au karatasi ya malipo ya siku zile, wasizitupe kabla hatujaziona.

Na wapo wawili ambao tumekwama nao. Mmoja alikuwa kijana aliyekuja kutoka Faza, mwembamba, aliyekuwa akibeba makarai mawili kwa mpigo na kuimba. Alifanya kazi msimu mmoja, tukasikia baadaye kuwa amefia baharini. Wa pili ni mama mtu mzima aliyetuchotea maji ya kuoshea vigae, tuliyemwita Bi Kisima, na jina lake halisi hakuna kati yetu aliyelijua hata wakati ule, kwa kuwa hakuna msichana angethubutu kumwuliza mtu wa umri wake. Anayewajua, au aliye wa damu yao, atuambie walikuwa wana wa nani.